Kisiwa cha Kwa Kihara

Hatua thelathini na nane. Hizo ndizo zilizokuwa kati ya mlango wa hoteli ya Murugi na ng'ambo ya barabara, zikipigwa na mguu mmoja mzima, mguu mmoja wa kuburuta, na fimbo. Murugi alizijua kwa sababu alizihesabu kila siku, saa nne asubuhi, akiwa dirishani na mwiko mkononi. Mumewe, Mzee Kihara, alikuwa akivuka kwenda kucheza drafti.

Hoteli ilikuwa na meza tatu na ilikaa mteremkoni chini ya Gatitu, kwenye stendi iitwayo Kwa Kihara. Kihara wa jina hilo alikuwa baba yake mzee, aliyefungua duka la kwanza pale. Duka lilianguka, mwenyewe akafa, jina likabaki, na mwanawe alilivaa kama koti la urithi. Ukimwambia Kihara jambo lolote kuhusu mahali pale, alikusikiliza kama mwenye nyumba anayesikiliza malalamiko ya mpangaji.

Miaka miwili nyuma alikuwa amegongwa na pikapu iliyobeba mchele wa Wang'uru. Alivunjika nyonga, akalala hospitali miezi mitatu, akarudi na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Dereva alisema mzee anatembea polepole. Polisi wakasema mzee awe mwangalifu. Kanisani likatolewa tangazo kwamba waumini wavuke kwa makini. Kila mtu alipewa lawama yake, isipokuwa barabara. Nayo ilikuwa imepanuliwa na kulainishwa hadi magari yalishuka pale kana kwamba yanafukuzwa. Ndani ya miaka mitatu ilikuwa imeua watu wanne wa pale pale stendi, na Murugi aliwapikia matanga wote wanne.

Kwa hiyo alihesabu. Hatua ya kumi na tisa ilimfikisha Kihara kwenye mstari wa katikati, na hapo mara nyingi alikwama, malori mbele, malori nyuma, koti likipepea huku na huku. Murugi hakupumua. Hatua ya thelathini na nane mzee alifika ng'ambo, akainua fimbo juu mara moja kumsalimu Gatimu, mwenzake wa drafti, aliyekuwa akimngoja kwenye kibaraza cha duka la mbolea. Ndipo Murugi alipopumua na kukumbuka jiko. Wateja wote walijua kwamba chapati ya saa nne ina upande mmoja mweusi, na wasiopenda kula makaa waliagiza ya saa tatu.

Alikwisha kumwomba ailete hiyo drafti ichezewe hotelini. Kihara alimjibu kwamba Gatimu ni mwizi hata chini ya paa lake mwenyewe, sembuse paa la watu. Tena, alisema, yeye alizaliwa hapo kabla ya lami. Kama kuna wa kuhama, basi lami ndiyo ihame.

Ndipo chifu, Bwana Moffat, alipoitisha baraza, na akaja injinia wa barabara.

Injinia mwenyewe alikuwa mwanamke kijana aitwaye Jigna, Mhindi aliyezaliwa na kukulia Mombasa. Watu walijiandaa kusikia Kiingereza. Yeye alikuwa ameazimia kutowatesa wazee wa watu kwa Kiingereza, akasimama akazungumza Kiswahili, na kilikuwa Kiswahili hasa, kile cha kusomea taarifa ya habari. Alieleza kwamba kuna pesa za kutengeneza sehemu moja tu ya hatari mwaka huu. Wakazi wakikubali, itakuwa Kwa Kihara. Wakipinga kwa barua ndani ya wiki mbili, kazi itahamia sehemu nyingine ya upande wa Othaya, ambako watu wanaililia. Kisha akasema maneno ambayo hadi leo yanakaririwa pale stendi:

"Tutawajengea kivuko hapa hapa, na katikati tutaweka kisiwa. Mkondo utapungua kasi, ukingo utainuliwa, na mzee kama huyu ataweza kuvuka kwa awamu mbili bila hofu."

Watu wakatazamana. Hakukuwa na neno hata moja lililokosewa, na balaa liliingilia papo hapo. Kwa watu wa Kwa Kihara, zile rangi nyeupe za kuvukia barabara huitwa zebra, basi. Kivuko ni kile chombo cha Likoni kinachoonyeshwa kwenye televisheni kila kinapoharibika, watu wa Mombasa wamejazana kama maharagwe kwenye debe. Na kisiwa walifundishwa darasa la sita: ni nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Ukiongeza mkondo na ukingo, hata mtoto angejua kinachokuja.

Hakuna aliyeuliza. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini kuuliza maana ya neno la Kiswahili mbele ya chifu na umati mzima, ukiwa umekunywa chai ya serikali, ni jambo jingine. Walipiga makofi machache ya adabu na kurudi nyumbani na hofu yao.

Tafsiri ilitoka kwa Kihara. Yeye ndiye pekee pale aliyewahi kupanda kivuko. Mwaka wa themanini na nne alikwenda Mombasa na kwaya ya kanisa, akavuka Likoni mara moja kwenda na mara moja kurudi, akatapika zote mbili. Kwa miaka arobaini ujuzi huo haukuwa umehitajika na mtu. Sasa watu walimfuata hadi hotelini, wakakaa kwenye meza zote tatu, na yeye akawaeleza kwamba serikali itaziba kile kijito cha bondeni, maji yapande, barabara izame, na atakayetaka kwenda ng'ambo apande feri.

"Na hiyo kisiwa, ni sisi," alisema. "Ati tutabaki hapo katikati kama vyura. Mimi sijui kuogerea."

Fundi mmoja wa viatu, mtu wa kufikiri, aliuliza ni kwa nini serikali izamishe barabara ili kupunguza ajali. Kihara alimtazama kwa huruma. Kusipokuwa na barabara, alimwambia, ajali itatoka wapi? Fundi akarudi kwenye viatu vyake, na kwa kweli jibu si rahisi.

Si wote waliohuzunika. Gatimu aliona mbali. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amechimba kidimbwi nyuma ya nyumba yake kufuga vifaranga vya samaki, ili ziwa likija limkute tayari. Jambo hilo lilitia sumu kwenye drafti. Kihara alimwambia kwamba samaki si chakula cha watu wa mlima. "Mimi siwezi kura kitu haina miguu," alisema, na akamla kete nne kwa hasira.

Barua iliandikwa. Ilianza hivi: Sisi wakazi wa Kwa Kihara hatutaki kuzamishwa. Kihara alikuwa mwenyekiti wa kamati, na sahihi zilifika mia moja na sitini. Ya tatu ilikuwa ya Murugi, kwa sababu mke wa mwenyekiti hawezi kuwa wa nne. Ilikuwa ipelekwe kwa chifu siku ya Ijumaa.

Jumatano Jigna alikuja kupima mwendo wa magari kwa kifaa chake, na ilipokaribia saa nne njaa ikamwingiza hotelini. Aliagiza githeri, ile ya mahindi na maharagwe, na chapati. Murugi alimhudumia bila tabasamu, maana humtabasamii mtu anayekuja kukuzamisha. Kisha saa ikafika. Kihara akatoka nje, akaegemea fimbo, akaingia barabarani, na Murugi akaenda dirishani.

Kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Lori la magogo lilishuka. Kihara alisimama kwenye mstari, na basi likaja upande wa pili, akawa hana pa kwenda. Murugi alisikia mtu akivuta pumzi kando yake. Alikuwa injinia, na saa yake ya kupimia mkononi, uso umempauka. Walisimama hivyo wote wawili hadi mzee akafika ng'ambo na kuinua fimbo. Jigna alisema kwa sauti ndogo kwamba zimekwenda sekunde hamsini na mbili.

Chapati ilikuwa inaungua, lakini Murugi alikuwa anamtazama huyu binti. Mtu anayeshika pumzi hivyo kwa ajili ya mume wa mwenzake hawezi kuwa na moyo mbaya. Basi akaamua kumuuliza lile lililomsumbua kwa siku kumi.

"Madam, hiyo feri itakuwa ya bure ama tutalipa?"

"Feri gani, mama?"

Murugi akaeleza: kijito, maji, kisiwa, vyura. Alitaja hata samaki wa Gatimu. Jigna alianza kwa kukunja uso, kisha akaziba mdomo kwa viganja viwili, kisha akacheka hadi machozi yakamtiririka juu ya githeri. Alipotulia aliona aibu sana. Alisema kwamba alikuwa amekaa usiku mzima akitafuta maneno fasaha ili watu waelewe.

"Si ungesema zebra," Murugi alimwambia.

Jigna akavuta sahani. Alipanga punje za mahindi kwa mistari miwili, hizo zikawa kingo za barabara. Katikati akaweka kichupa cha chumvi, na kando akaweka haragwe moja jekundu. Alisema chumvi ndiyo kisiwa, ukuta mdogo tu wa mawe na udongo katikati ya lami. Haragwe ni mzee. Akalisukuma hadi kwenye chumvi, akaliacha hapo, akapitisha kidole kama lori, kisha akalisukuma upande wa pili. Mahali pa kuvukia, alisema, patainuliwa ili magari yapande na kushuka, na njia zitabanwa ziwe nyembamba, kwa sababu dereva akiona pembamba mguu hutoka wenyewe kwenye mafuta. Murugi alisema kwamba watu wamemwambia Kihara miaka miwili awe mwangalifu.

"Mama, kila mtu hukosea," Jigna alisema. "Dereva hukosea, mzee hukosea. Kazi yangu ni kuijenga barabara ili kosa lisimuue mtu."

Murugi aliliangalia lile haragwe. Aliuliza kama mtu akifika hapo kwenye chumvi anaweza kupumzika.

"Hata akitaka kukaa nusu saa."

Murugi akalia. Alilia waziwazi mbele ya wateja wawili na kondakta mmoja, kwa sababu kwa miaka miwili hakuna aliyemwambia kwamba kumi na tisa inaweza kuwa mwisho wa hesabu. Na mikono yake mwenyewe ilikuwa imetia sahihi ya tatu.

Sasa tatizo halikuwa tena barabara. Tatizo lilikuwa Kihara. Murugi alikuwa ameishi naye miaka arobaini na moja na alijua kwamba mtu huyo angekubali kugongwa na lori kuliko kuambiwa mbele za watu kwamba hajui maana ya kivuko. Kumbishia kungemtia nanga, ukitaka lugha ya baharini. Ilibidi atafutiwe mlango wa kutokea, tena mlango mpana, wa kumpitisha mtu na kofia yake kichwani. Murugi alifunga hoteli mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya ajali, akaenda na Jigna kwa chifu.

Jioni ile chifu alimtumia Kihara ujumbe wa heshima. Kabla barua haijapokelewa, serikali inaomba mtaalamu wa mambo ya vivuko aje uwanja wa shule kesho kukagua kina.

Alhamisi Kihara alifika na gambuti mpya, buti za mpira za kuingilia majini, alizozinunua asubuhi hiyo dukani kwa Jashbhai mjini. Stendi nzima ilikuwa imetangulia. Uwanjani barabara yao ilikuwa imechorwa kwa chokaa, ile ya kuchorea uwanja wa mpira, upana ule ule, mstari wa katikati na kila kitu. Vijana wanane wa bodaboda walisimama huku na huku na pikipiki zao. Hao walikuwa malori. Waliagizwa wapite mbali na mzee, ila yule ambaye angekuwa amemgonga apige honi.

Chifu alimwomba Kihara avuke. Kihara alisema haoni maji. Chifu akamwambia kwamba kina hupimwa kwanza pakavu, na Kihara, ambaye hangekubali kuonekana hajui hilo, akaingia.

Honi ya kwanza ililia kwenye hatua ya saba. Ya pili na ya tatu zikalia pamoja. Kwenye mstari wa katikati alikwama kama kawaida yake, na hapo zikapigwa nne. Watu walianza kwa kucheka. Kufika ya tano kicheko kilikuwa kimepungua, na ya saba ililia uwanja ukiwa kimya, kwa sababu kila mtu alikuwa amekumbuka mmoja wa wale wanne. Chifu alimwambia kwa upole kwamba amekufa mara saba.

Kisha Jigna akaomba madawati mawili ya shule yawekwe katikati, moja kila upande wa mapito, na chokaa ikachorwa upya ili njia ziwe nyembamba. Vijana wakaambiwa wapite tena. Kwenye kubanwa kule walipunguza mwendo bila kuambiwa. Kihara akapiga hesabu yake, akaenda, akafika kwenye madawati, akasimama. Pikipiki zikapita mbele yake. Zikapita nyuma yake. Hakuna honi iliyolia.

Kihara hakuendelea. Alilitazama dawati, akalikalia. Alikaa hapo na gambuti zake, umati mzima ukimngoja, na Murugi akaona mumewe akiilaza fimbo magotini. Alijua kwamba ameelewa. Alijua pia kwamba dakika hii ndiyo yenye hatari zaidi.

"Madam," Kihara alisema. "Maji iko wapi?"

"Hakuna maji, mzee."

"Na si wewe ulisema kisiwa?"

"Nilikosea neno," Jigna alisema. "Unisamehe, mzee wangu. Kiswahili ni kigumu."

Kihara aligeuka polepole kuwakabili watu wake. Murugi aliona mabega yakirudi mahali pake.

"Mumesikia? Madam amekosea neno. Mimi nilijua hapa hakuwezi kuwa na maji. Ni huyu Gatimu alikuwa anawaambia mambo ya samaki."

Gatimu alimwachia. Ukimla mtu kete kila siku kwa miaka, unajifunza pia lini yeye amekula zote. Chifu aliwahi kabla Kihara hajabadilisha nia, akatangaza kwamba sasa ni wakati wa kura. Kwa matamshi ya huku kura na kula ni neno moja, hivyo nusu ya watu waligeukia sufuria za chai, lakini mikono iliyokuwa imenyooshewa vikombe ilihesabiwa pamoja na mingine na mpango ukapita bila kupingwa. Barua ya sahihi mia moja na sitini ilimrudia mwenyekiti, ambaye aliikunja mara nne na kuitia chini ya mguu wa meza ya hoteli iliyokuwa ikiyumba.

Kazi ilichukua miezi mitano. Sehemu ya kuvukia iliinuliwa, njia zikabanwa, na katikati kikajengwa kile kitu cha mawe, na nyasi juu yake. Madereva walitukana wiki mbili, kisha wakazoea. Kihara alimwambia mkewe kwamba yeye ni mtu mzima na hatasimamishwa barabarani kama ng'ombe anayengoja dawa. Siku ya kwanza alisimama hapo dakika moja. Siku ya tatu alisimama kumi. Mwezi ulipokwisha alikuwa na mazoea ya kukaa hapo akiwaelekeza watu kwa fimbo, huyu apite, yule angoje, na magari yakimpigia honi za salamu. Gatimu, ambaye sasa alikuwa na samaki wakubwa na hana wa kumuuzia, alilalamika kwamba drafti inachelewa.

Asubuhi moja Beth, binti yao, alipiga simu kutoka Nanyuki na habari za mjukuu aliyeota jino. Murugi aliongea, akasukuma unga, akaongea, akageuza chapati, akauliza jino liko juu au chini. Alipoweka simu, macho yake yakaenda kwenye saa ya ukutani. Saa nne na robo. Hakuwa amehesabu hata hatua moja.

Alikimbia hadi mlangoni na unga mikononi. Kihara alikuwa amesimama kisiwani, amempa mgongo, akibishana kwa sauti na Gatimu aliye ng'ambo kuhusu kama samaki ana akili. Malori mawili yalipita kando yake taratibu.

Murugi alirudi jikoni, akafuta unga mikononi. Chapati ya saa nne ilikuwa na rangi ya dhahabu pande zote mbili, na mteja aliyeletewa aliigeuza mara mbili akidhani amepewa ya mtu mwingine.

Saa saba Kihara alirudi kula. Alinawa, akaketi, akavunja kipande cha chapati, akakichunguza.

"Mama Beth, leo ulihesabu ngapi?"

Mwiko ulisimama hewani. Muda huo wote Murugi alidhani hiyo ilikuwa siri yake na Mungu.

"Ulijua?"

"Kwani hiyo fimbo nilikuwa nikiinua ni ya nani? Ati ya Gatimu?" Kihara alikichovya kile kipande kwenye mchuzi. "Nilikuwa nakuambia nimefika."

Murugi alichukua birika. Alimmiminia chai, ikajaa, ikamwagika sahanini, na mzee akajifanya hajaona.

"Sasa sema. Ngapi?"

"Thelathini na nane," Murugi alidanganya.

"Uongo," Kihara alisema, akila. "Leo ni arobaini na sita. Nilizunguka kisiwa."